Vyumba Vitatu, Sakina

Dalali Lomnyaki yuko mbele, funguo zinalia kiunoni.
Elfu kumi ya kuonyeshwa nimeshaitoa mara nne:
Njiro walitaja dola,
Kijenge choo cha kuchangia,
Moshono maji ni Jumanne, Mungu akipenda.

Hapa kuna masta, jiko la ndani,
na dirisha limejaa Mlima Meru, huo hautozwi kodi.
"Miezi sita, mkupuo," asema mama mwenye nyumba,
kisha, akifuta kiti kisicho na vumbi:
"Watoto wangapi?"

Anaeli anatazama dari.
"Wawili," najibu.

Nje, Elirehema na Ndeshi wametulia kama tulivyowafunza.
Ni yule wa tatu,
niliyemtoa sasa hivi kwenye hesabu,
anayegonga geti kwa kokoto:
"Baba! Ndiyo kwetu hapa?"