Hesabu za Free Area

Mtaa wetu unaitwa Free Area,
na kila tarehe tano mwenye nyumba hunikumbusha
kwamba hilo ni jina tu.

Mimi ni mtunza stoo. Misumari naijua kwa kilo,
rangi kwa lita, waya kwa mita.
Jana usiku nilichukua daftari la Bosibori,
kurasa za nyuma ambazo hesabu za sehemu hazijafika,
nikapiga mstari katikati:
huku ya kulipia, huku ya bure.

Ya kulipia: elfu moja mia moja na hamsini kwa mwezi.
Mara kumi na mbili. Nilizidisha tena,
nikidhani kalamu imekosea.
Elfu kumi na tatu, mia nane.
"Hayo ni madebe mangapi ya mahindi?" Kerubo akauliza,
na alijua, alitaka tu nitamke.
Isitoshe, dishi lenyewe, ikinyesha upande wa Menengai,
linazubaa kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.
Na siku ikiisha imeisha:
mpira uko miguuni, golikipa yuko chini,
kioo kinageuka samawati
kinakuomba ulipe, kwa adabu.

Ya bure: kisanduku, elfu mbili mia tano, mara moja basi.
Antena, mia sita.
Bomba la kuisimamishia lilitoka kazini,
kwa ruhusa. Sifuri.
Nikafurahi. Nikataka kufunga daftari.

"Andika na Ombati," Kerubo akasema,
macho hakuyainua kwenye mchele.

Kijana wetu ana miaka kumi na tisa.
Kwenye ya bure, kati ya habari na hali ya hewa,
mtu mwenye meno mengi humwambia kila jioni
kwamba hamsini yaweza kuamka milioni.
Tulisoma jumbe za simu yake za mwezi wa Juni:
hamsini, hamsini, mia, hamsini, mia mbili,
hadi kidole kikachoka kusukuma.
Elfu moja mia tisa na hamsini.
Nikaiandika upande wa bure,
na upande wa bure ukalala
kama mizani yenye jiwe chini ya sahani.

"Hata kwenye ya kulipia yumo," Ombati akasema kutoka gizani.
"Tofauti ni kwamba huko mnamlipia nauli."

Hilo nilikosa pa kuliandika.

Halafu kuna Mama.
Presha ya macho ilimwachia vivuli, tangu mwaka juzi.
Huketi karibu na kioo, goti likigusa meza,
na msomaji wa habari akisema hamjambo watazamaji
hujibu, "Hatujambo, mwanangu. Leo umechelewa."
Picha mpe, picha mnyime,
yeye anataka sauti isiyokwaruza.

Leo ilikwaruza.
Nikaazima ngazi kwa Kiptalam, nikapanda mabati,
Julai imenishika masikio.
Kerubo yuko mlangoni:
"Kushoto. Zaidi. Umepita, rudi.
Hapo! Usiachilie!"
Nikaachilia. Ndani pakawa na mvua ya changarawe.
Nikashika. Pakatulia.
Nikaachilia tena, kwa ubishi.
Nikashika.

Basi nikasimama.
Taa za Lanet zilikuwa zinawaka kule mbele,
madishi ya majirani yote yametazama juu upande mmoja
kama watu wanaosubiri kuhesabiwa,
na chini ya viatu vyangu, kupitia bati,
nikamsikia:
"Hatujambo, mwanangu."

Habari za saa moja, zote. Michezo. Hali ya hewa.
Hata yule wa meno alipita mikononi mwangu
safi kabisa, bila mkwaruzo,
na sikuwa na la kumfanya.

Asubuhi Bosibori alilitaka daftari lake.
Akauliza nani ameandika, kwa penseli, upande wa bure,
*mikono, jozi moja*,
na mbona haina bei.