Siku Tatu kwa Kijiko

Suweid, miezi sita na siku tisa,
fumbua kinywa. Hili ni boga,
boga tupu, halina chumvi wala tui,
limepondwa kwa mgongo wa kijiko cha chai.
Leo boga. Kesho boga. Keshokutwa boga.
Shangazi zako wananicheka: "Mtoto huyo, au mfungwa?"
Nami naandika kwenye kalenda ya duka la Faki,
pembeni ya tarehe, kwa penseli ya fundi seremala:
boga, salama.

Ndivyo tulivyokwenda, wewe na mie,
kama watu wanaovuka matope ya mikoko:
kwanza kidole, ndipo uzito.
Ndizi pukusa, salama.
Uji wa mtama, ulicheua, ukacheka, salama.
Changu wa kuchemsha, miba nimeichambua mara tatu.
Usiku nikikupandisha fulana
nikilisoma tumbo lako kwa taa ya simu.

Ikaja asubuhi ya yai.
Yai la kuku wetu yule kishingo,
limechemka hata kiini kikawa unga.
Kijiko kimoja, na nusu yake uliipaka shavuni.
Sijamaliza kuosha bakuli
midomo yako imetuna kama ya mtu aliyesusa,
na shingoni vipele,
vyekundu, vinapandana, vinatembea.

Bibi yako akatoka na chetezo.
"Jicho hilo. Jana kapita mtu hapa akamsifia mtoto."
Sikumjibu. Nilishakufunga kwa kanga,
Hamadi wa bodaboda keshawasha,
na toka Gando hadi hospitali ya Wete
nikahesabu pumzi zako,
nikapotea,
nikaanza tena moja.

Muuguzi Raya alikudunga, akatuweka kwenye benchi
hadi adhuhuri ikapita.
"Kala nini? Saa ngapi? Kiasi gani?"
Majibu yote matatu nilikuwa nayo.
Skuli sijapata kufaulu namna ile.

Usiku, ukilala, midomo imerudi kuwa yako,
bibi yako alikuwa anachagua mchele gizani,
mchele ambao nilikwisha kuuchagua.
"Alikuwepo Mkasi," akasema. "Kabla ya mumeo.
Sikukuu, mchuzi wa kamba, kidogo tu, wa kulamba.
Uso ukavimba. Koo likafunga.
Wakasema kachukuliwa, nikakubali.
Miaka arubaini na mmoja nakubali.
Maana kama si jicho
basi ni kijiko,
na kijiko nilikishika mie."

Sikuwa na neno. Nilisogeza ungo, tukachagua wote
mchele usio na hata chuya moja.

Asubuhi nimeikuta kalenda ina mchoro:
yai, limepindapinda, limekatwa msalaba
kwa penseli iliyokandamizwa hadi karatasi ikatoboka.
Jumatatu ni zamu ya mbaazi.
Kasema atakaa yeye,
miwani puani, chetezo kimezimwa,
akitazame kifua chako
kikipanda, kikishuka,
kikipanda.