Bia Kali ya Ghislaine

Ghislaine anamimina taratibu, glasi kaiinamisha;
povu linapanda, linatua ukingoni
kama theluji iliyokosea mlango.
Nje, Chicoutimi, nyuzi ishirini chini ya sifuri.

Nanusa kwanza: ndizi mbivu, karafuu,
ganda la mkate uliosahauliwa jikoni.
Funda la kwanza tamu. La pili
linakaa kifuani, kaa lililofunikwa majivu.

"Asilimia tisa," ananionya, "usiikimbilie."
Hamira kaiagiza Ubelgiji; maji ni ya mto huu,
na pipa alilichonga marehemu Odilon, mumewe,
ambaye hakuwahi kuionja.

Namwuliza kama ni chungu.
Anafuta kaunta palipokwisha kukauka.
"Mwishoni, kidogo," asema. "Subiri."

Nikasubiri.