Upepo Usio na Jicho

Cishugi amerudi kutoka masomoni
na daftari limelowa hadi ukurasa wa tufani.
Wino umetambaa, lakini anasoma:
huzaliwa baharini, maji yakiwa ya moto kama ya kuogea,
huzunguka kama bugari chini ya mwiko,
na katikati ina jicho.
Ndani ya jicho, kimya. Hata ndege hupumzika.

"Na huko Ufilipino, mama, huipa jina
kabla haijafika."

Mimi niko juu ya kiti, misumari mdomoni,
naziba pale mbingu ilipochungulia juzi.
Huu wetu wa Kadutu hauna jicho.
Ulipanda kutoka ziwani ukipapasa
kama mlevi anayetafuta kiberiti gizani:
ukaangusha sufuria, ukaangusha ukuta,
ukashika bati la Nabintu ukadhani ni shuka.

Bati tulilikuta asubuhi kwa Mwa Cirhuza,
limelala juu ya lengalenga zake.
"Limeua mboga zangu, basi ni langu."
"Tazama kona! Rangi ya kijani, nilipaka mwenyewe."
Wakabishana
mpaka mtu akapiga kelele kutoka bondeni,
kwa fundi Mugaruka,
ambako hapakuwa tena na bati, wala kona,
wala wa kubishana.

Wakalishusha pamoja, kila mmoja upande wake.
Likawa machela.

Cishugi, andika na hili, mwalimu asiposema:
mikaratusi ya kule juu tuliichoma makaa,
gunia baada ya gunia, nami nilinunua.
Mizizi ikaoza,
udongo ukabaki bila wa kuushika mkono.
Mfereji tuliulisha chupa na mifuko
hadi ukashiba, ukatapika.
Mvua ilikuja kuuliza njia tu.
Sisi ndio tuliojibu: pitia kwa Mugaruka.

"Tuupe jina basi," anasema.
Natoa msumari mdomoni nimkataze,
naye ameshaandika, kwa penseli,
maana wino hauaminiki tena na maji:
Mugaruka.

Kwa Mashi, jina hilo ni mtu arudiye.

Juu ya Idjwi wingu limeanza kukaa vibaya.
Nipe msumari mwingine, mwanangu.
Ule mrefu.