Arobaini na Moja

Ghala la chai, Shimanzi. Saa nane mchana
mabati yanaalika kwa jua
nami niko juu ya ngazi, skrubu mdomoni,
namfunga wa arobaini na moja kwenye boriti.

Tungule ni kubwa kumshinda.
Betri yake ni duara, mfano wa kifungo cha koti,
na kwa kifungo hicho aishi miaka mitatu.
Kwa hivyo nimemfunza uchoyo:
lala. Kila dakika tano amka,
tega sikio, taja jina lako na unyevu wa hewa,
usingoje kujibiwa. Lala tena.
Kinachomaliza betri ni maneno.
Mamangu angempenda mtoto huyu.

Kila gunia lina kibandiko kinachonong'ona.
Vihisi vitatu vikikisikia, kila kimoja hukisia umbali;
nachora duara tatu, na zinapokatana
ndipo gunia lilipo.
Kwenye karatasi.

Humu ndani chai huyanywa mawimbi kabla sisi hatujainywa,
na mabati huyarudisha, neno moja likafika mara mbili.
Jumatatu ramani iliyaweka magunia ya Kericho
katikati ya maji ya Kilindini,
yametulia, wala hayajalowa.

Nikahamisha, nikapima kwa utepe, nikahamisha.
Jumatano kosa likashuka: mita mbili.
Ilipofika saa nne, mita sita. Saa saba, mbili tena.
Siku tatu sikulala vyema
hadi nilipomwona Kitsao Mbaru, mchukuzi,
amesimama penye upepo wa mlango, shati begani,
pale pale anaposimama kila siku.

Mwili ni maji. Kwa redio, Kitsao ni mtungi
uliotuliwa njiani.
"Yaani mimi ni kivuli?"
Cha mita nne, nikamwambia.
Akacheka, akarudi kwenye upepo wake.

Msimamizi alitaka aondolewe.
Mimi nikaongeza mstari mmoja kwenye programu:
saa nne hadi saa saba, upande wa mlango, usiamini sana.
Jina lake halimo.

Mkataba wangu umebakiza wiki tano.
Wake, miaka mitatu kasoro siku tisa.
Hana taa; taa ni israfu.
Nimeshuka, nasimama chini yake nahesabu,
na kwenye simu inaingia:
arobaini na moja, unyevu sitini na mbili.

Kisha kalala.