Mwakani

Kwenye daftari la karakana, ukurasa wa Machi,
niliandika kwa mkono wangu mwenyewe:
pampu ya maji, mipira, vichujio vya hewa,
euro elfu nne na mia sita.
Amaro akashusha miwani, akasoma, akaguna.
"Mwakani, Sabela."
Nikapiga mstari. Nikaandika: mwakani.

Mimi ni mtu wa hesabu, sikati mawe.
Nakaa nyuma ya kioo na kikombe kilichofunikwa,
maana huku Porriño kahawa hunywewa na vumbi kabla yako;
ukiisahau kidogo, inaota utando kama maziwa.
Ng'ambo ya kioo msumeno unalia,
na Brais anachomoza kutoka kwenye wingu lake,
nyusi nyeupe, kope nyeupe,
ananitania: "Mwokaji nimefika, tanuri liko wapi?"
Tulicheka.
Naliandika hili kwa sababu tulicheka.

Matale ya babu zetu yalikuwa mawe ya mlima,
yalikuponda mguu mchana kweupe, ukajua nani kakuponda.
Hili la sasa limesagwa, likagandishwa kwa gundi,
likapewa jina la theluji na bei ya theluji.
Bibi harusi kutoka Vigo alilipapasa kwa kiganja:
"Laini! Halina hata doa."
Kweli, halina.
Doa lilikuwa limehamia kwingine.

Iria aliniletea picha ya kifua cha mumewe,
si kwa kulia; alitaka mhuri wa ofisi kwenye fomu.
Niliiinua dirishani.
Mapafu yote mawili, theluji ile ile
tunayoiuza kwa mita.
Miaka thelathini na minane,
na anapanda ngazi ya nyumbani kwake
kama mtu anayelipa deni kwa awamu:
vidato vitatu, anasimama. Vitatu, anasimama.

Mwakani ikaja, ikapita, ikazaa mwakani nyingine.
Ukutani bango la kinga na tiba likafunikwa na vumbi
hadi likabaki neno moja, "bora",
na hakuna aliyeuliza bora nini.
Wakaugua wengine wanne.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema.
Sisi tulikuwa tunauza kuta.

Usiku mmoja nikafungua ukurasa mpya.
Upande huu, pampu.
Upande ule, siku za wagonjwa, faini, bima iliyopanda,
jiko la hoteli lililochelewa wiki sita,
kijana tuliyemfundisha miezi minne
akamwona Brais akikohoa langoni, hakurudi kesho yake.
Nilidhani Amaro ataona aibu.
Aibu haikumshika. Jumla ilimshika.
Alikaa nayo hadi chai ikapoa.
"Kwa nini hukuniambia?"
Nikamfungulia ukurasa wa Machi.

Wakaniita kwenye mkutano wa wenye viwanda,
wamiliki hamsini na divai yao.
Sikuwa na hotuba. Nilisoma daftari, mstari kwa mstari,
na kila nilipofika "mwakani"
mtu mmoja nyuma alikuwa akikohoa kwa haya.
Mwishoni walipiga makofi.
Mmoja tu, mmoja, alinifuata hadi kwenye gari
kuuliza bei ya pampu.

Na wewe unayepangusa meza yako nyeupe asubuhi hii,
sikuambii uivunje.
Siku utakayonunua nyingine, uliza ilikatwa ikiwa kavu au imelowa.
Ni swali dogo. Wauzaji wanaliogopa.

Sasa maji yanatiririka chini ya msumeno, ya kijivu, mazito,
na vijana wananung'unika kwamba miguu inalowa.
Alhamisi Brais huja kukaa kwenye benchi la nje.
Nilimweleza hayo, nikidhani atacheka.
"Wanunulie buti," alisema,
akaitafuta pumzi, akaikosa, akaipata:
"mwaka huu."