Pointi Sita

Bango halizidi kimo cha mtu mrefu,
lakini Bogna amekaa tangu saa mbili asubuhi
akibishana na mlango.

Benki inautaka mwekundu.
Jana iliutaka wa kijani, kijani cha kutuliza moyo,
juzi iliutaka usiwepo kabisa: watu waone sebule tu,
na jua, jua lisilojulikana Łódź mwezi wa pili,
limemwagika sakafuni kama maziwa.

Nyumba yenyewe haipo.
Paa limekatwa kwenye picha ya Ureno,
bustani ni ya kompyuta, haina mizizi,
na familia ilikodiwa kwa saa tatu:
baba hakulijua jina la mama,
mtoto, Tymek, alilia hadi akapewa biskuti,
akauliza, "Tunarudi nyumbani saa ngapi?"
Kicheko kile mnachokiona ni cha biskuti.

Juu, herufi nene: FUNGUA. NI KWAKO.
Bwana Cieślak wa benki amezipenda.
"Sasa zile za chini," anasema kwenye simu,
"zile za riba. Zipunguze kidogo."
Pointi nane. "Bado zinapiga kelele."
Saba.
Sita.
Kukopa harusi, kulipa matanga:
basi harusi ameipaka rangi bango zima,
matanga ameyalaza chini, kando ya kinyota,
miaka thelathini katika mstari mmoja
mwembamba kama mguu wa sisimizi.

Anatuma faili. Anazima taa.
Kodi ya chumba chake hulipwa tarehe kumi,
na leo ni kumi na mbili.

Wiki mbili baadaye, theluji.
Kituo cha tramu, mtaa wa Zgierska,
mlango mwekundu unawaka peke yake gizani.
Bibi mmoja mwenye toroli la sokoni
amechuchumaa mbele ya bango,
pua karibu iguse kioo,
anasoma. Si mlango. Si jua.
Kidole chenye glavu ya sufu kinafuata mstari wa chini,
neno kwa neno, midomo ikichezacheza.
Tramu inafika, inafungua milango yake,
inaondoka bila yeye.

"Mjukuu wangu keshasaini," anasema bila kugeuka,
kana kwamba Bogna ameuliza.

Bogna angeweza kumsomea.
Mstari ule ameukariri, hata nukta zake.
Lakini ulimi umemganda,
anainama tu, na kwa mkono wa koti
anafuta theluji pale chini kwenye kioo.